Sumu Iliyotoka Mezani pa Maskini: Historia ya Sindano ya Kuondoa Mikunjo ya Uso



Katika simu tunazoshika mikononi kila siku hupita nyuso zisizo na mstari hata mmoja. Paji ni laini kama kioo, pembe za macho hazina kunyanzi, na shingo ya mtu wa miaka sitini inaonekana kama ya msichana. Wengi wenu mmesikia jina la sindano inayotajwa kuwa chanzo cha sura hizo, yaani Botox. Wachache wanajua kwamba ndani ya kichupa hicho mna sumu, na kwamba sumu hiyohiyo iliwaua wanakijiji maskini miaka zaidi ya mia mbili iliyopita. Nawaalika tufuate njia yake tangu mwanzo. Asiyejua kitu kimetoka wapi huuziwa kwa urahisi, na huuziwa kwa bei yoyote.

Safari inaanzia kusini mwa Ujerumani, katika nchi iliyoitwa Württemberg. Mwaka 1793, katika mji mdogo wa Wildbad, watu 13 waliugua baada ya kula soseji iliyotengenezwa kwa damu na tumbo la nguruwe. Sita kati yao walikufa. Miaka iliyofuata vifo vya namna hiyo viliongezeka. Vita vya Napoleon vilikuwa vimeitikisa Ulaya, umaskini ulienea, na usafi wa kuchinja na kuhifadhi nyama ukapungua. Mwaka 1802 serikali mjini Stuttgart ilitoa onyo kwa raia wote kuhusu soseji za damu zilizokaushwa kwa moshi. Onyo lilitolewa, lakini hakuna aliyejua sumu yenyewe ni kitu gani.

Aliyejitoa kulichunguza jambo hilo alikuwa daktari kijana, Justinus Kerner, ambaye pia alikuwa mshairi aliyejulikana nchini mwake. Alianza kuandika juu ya wagonjwa wa soseji mwaka 1817, na mwaka 1822 akatoa kitabu kilichokusanya habari za wagonjwa 155. Aliwaelezea kwa uangalifu mkubwa: macho yanaona kitu kimoja kuwa viwili, kope zinaanguka, kinywa kinakauka, sauti inapotea, koo linashindwa kumeza, na mwishowe pumzi inakatika. Jambo la kutisha kuliko yote ni kwamba akili ya mgonjwa hubaki timamu. Anasikia, anaelewa, anawatambua wanawe, lakini uso wake umelegea na hauwezi tena kuonyesha furaha wala uchungu. Mkumbuke uso huo usiotikisika, kwa maana tutakutana nao tena mwishoni mwa safari yetu.

Kerner hakuishia kwenye kuandika. Aliichuja sumu kutoka katika soseji zilizoharibika, akaijaribu kwa wanyama, kisha akaonja kidogo yeye mwenyewe, jambo ambalo leo hakuna mwalimu angeliruhusu. Akafikia neno la hekima iliyotangulia wakati wake: kwamba sumu inayonyamazisha misuli yote ingeweza, kwa kipimo kidogo sana, kuwa dawa ya wagonjwa ambao misuli yao inatikisika bila hiari yao. Wazo hilo lilisubiri zaidi ya miaka 150 kabla ya kutimizwa.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu sisi Wakongomani tunayo sababu ya kuielewa habari hii kuliko wengi. Mwanzoni wataalamu wa Württemberg walidhani kwamba katika soseji mlikuwa na sianidi. Walikosea, lakini sianidi hiyo ndiyo iliyomo katika mihogo michungu ya kwetu isipolowekwa siku za kutosha. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa uitwao konzo katika eneo la Kwango: watu, hasa wanawake na watoto, wanapooza miguu yote miwili ghafla, wala hawaponi kabisa. Konzo hushambulia wakati wa dhiki, familia zinapofupisha siku za kuloweka kwa sababu njaa haisubiri au soko linadai haraka. Soseji ya Württemberg na mihogo ya Kwango ni sumu mbili tofauti, ila mlango wake ni mmoja: sumu huingia mezani pale umaskini unapomlazimisha mtu kufupisha kazi ambayo mababu walijua haifupishwi.

Fumbo la soseji lilifumbuliwa nchini Ubelgiji. Ilikuwa mwezi Desemba 1895, wakati Kongo yetu ilikuwa bado inahesabiwa kuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili. Katika kijiji cha Ellezelles alizikwa mzee mmoja, na kikundi cha wanamuziki wa kijiji kikapiga tarumbeta kwenye mazishi. Baada ya mazishi wanamuziki hao walikula pamoja, na mezani palikuwa na paja la nguruwe lililotiwa chumvi. Hawakuwa wamelipika. Watu 34 walikula, wengi wakaugua kwa dalili zilezile alizoandika Kerner, na watatu wakafa.

Profesa Emile van Ermengem wa Chuo Kikuu cha Gent, aliyekuwa amejifunza kwa mwanasayansi Robert Koch, aliitwa kuchunguza. Alikuta katika mabaki ya nyama, na pia katika mwili wa mmoja wa marehemu, bakteria ya namna ya pekee: huishi pasipo hewa, na huko gizani hutengeneza sumu. Matokeo yake aliyatangaza mwaka 1897. Bakteria hiyo aliipa jina linalotokana na neno la Kilatini *botulus*, maana yake soseji. Ndiyo asili ya jina “botulini” ambalo leo limefichwa ndani ya jina la biashara.

Ugunduzi huo uliokoa maisha ya watu wengi. Sasa ilieleweka kwa nini nyama iliyofungiwa mahali pasipo hewa inaweza kuwa hatari hata isipotoa harufu mbaya, na kwa nini kuipasha vizuri kwenye moto kabla ya kula huiharibu sumu. Hata leo shauri hilo lina faida nyumbani: kopo la chakula lililovimba halifunguliwi wala halionjwi, hutupwa.

Lakini mwanadamu akishajua jambo, hujiuliza pia jinsi ya kulitumia vibaya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilifungua kituo cha utafiti huko Camp Detrick, katika jimbo la Maryland, ili kuchunguza silaha za vijidudu. Sumu ya botulini ilikuwa miongoni mwa zile zilizochunguzwa, kwa sababu hakuna sumu inayojulikana iliyo kali kupita hiyo. Wataalamu wamekadiria kwamba gramu moja tu, kama ingesambazwa sawasawa hewani na kuvutwa na watu, ingeweza kuua zaidi ya watu milioni moja. Mwaka 1946 wanasayansi wa kituo hicho walifaulu kuipata ikiwa safi kabisa, katika umbo la fuwele. Kile kilichoua maskini kwa bahati mbaya kilikuwa sasa kinatafutwa kwa makusudi. Mwaka 1969 rais Nixon alitangaza kwamba nchi yake inaziacha silaha za vijidudu, na mwaka 1972 mkataba wa mataifa wa kuzipiga marufuku ukafunguliwa ili utiwe sahihi.

Wakati huohuo wataalamu wengine walikuwa wanauliza swali tofauti: sumu hii inafanyaje kazi? Jibu lilikuja mwaka 1949 kutoka kwa Arnold Burgen na wenzake huko London. Msuli haujisogezi wenyewe. Husubiri amri kutoka kwenye mshipa wa fahamu. Mshipa huo, ukitaka msuli ujikunje, hutoa mwishoni mwake kemikali iitwayo asetilikolini, mfano wa mjumbe anayepeleka barua. Sumu ya botulini haimuui mjumbe wala haiharibu msuli. Inafunga mlango ambao mjumbe angetokea. Barua haifiki, na msuli unakaa kimya. Ikiwa msuli huo ni ule wa kupumua, mtu anakufa. Ikiwa ni msuli mmoja mdogo usoni, unalegea tu, na baada ya miezi kadhaa mshipa unapata njia tena na kazi inarudi.

Aliyechukua ujuzi huo na kuugeuza kuwa tiba alikuwa Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco. Aliwahurumia wagonjwa wenye makengeza, ambao msuli mmoja wa jicho unavuta kuliko mwenzake. Badala ya kuukata kwa kisu, je, usingeweza kulegezwa kidogo? Aliomba sumu kutoka kwa Edward Schantz, mwanasayansi aliyekuwa amefanya kazi katika kituo kile cha jeshi kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 1973 Scott alichapisha matokeo ya majaribio yake kwa nyani. Kabla ya mwisho wa miaka ile ya 1970 alianza kuwatibu watu. Mwaka 1979 Schantz alitengeneza sumu ya kama miligramu 150, na kiasi hicho kidogo, ambacho kisingejaza ncha ya kijiko, ndicho kilichotumika kutengenezea dawa hadi mwaka 1997. Mnamo Desemba 1989 idara ya dawa ya Marekani iliikubali kuwa dawa ya makengeza na ya ugonjwa wa kope zinazojifumba zenyewe kwa nguvu. Mtu mwenye ugonjwa huo wa kope ni kama kipofu ingawa macho yake ni mazima. Kwa sindano chache alianza kuona tena. Wazo la Kerner lilikuwa limetimia.

Mwaka 1991 kampuni ya Allergan iliinunua dawa hiyo, nayo ikajulikana kwa jina la Botox. Baadaye ilionekana inafaa kwa mengine mengi: kwa shingo inayojipinda yenyewe kwa maumivu, kwa mikono iliyokakamaa baada ya kiharusi, kwa watoto ambao miguu yao imekaza tangu utotoni, na kwa maumivu makali ya kichwa yasiyokoma. Hakuna mtu mwenye moyo anayeweza kuidharau kazi hiyo.

Basi sumu hii ilifikaje kwenye mikunjo ya uso? Ilifika kwa njia ya neno la mgonjwa. Mjini Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa anawatibu wagonjwa wa kope kwa sindano hiyo. Mwaka 1987 mgonjwa mmoja alimwambia kwamba anapenda achomwe pia katikati ya nyusi, kwa sababu akichomwa hapo uso wake unaonekana umetulia na hauna tena ile mistari ya mtu aliyekasirika. Mume wa Jean, Alastair Carruthers, alikuwa daktari wa ngozi, na wagonjwa wake walikuwa wanatafuta jambo hilohilo. Wawili hao walifanya majaribio na kuyachapisha mwaka 1992. Mnamo Aprili 2002 idara ya dawa ya Marekani ilikubali sindano hiyo itumike kupunguza kwa muda mistari iliyo kati ya nyusi. Mwaka 2013 ikafuata mistari ya pembe za macho, na mwaka 2017 mistari ya paji.

Tazameni hasa habari ya shingo, maana inafundisha. Mwaka 2000 dawa hii ilikubaliwa kwa wagonjwa ambao shingo zao zinajipinda bila hiari, watu wasioweza kutazama mbele wanapotembea. Mwaka 2024 ilikubaliwa kwa kamba za shingo zinazoonekana kadiri mtu anavyosogea katika umri. Kiungo ni kilekile, sumu ni ileile, na sindano ni ileile. Lakini mgonjwa wa kwanza alikuwa anateswa na shingo yake. Wa pili anateswa na jinsi watu wanavyoitazama.

Hapo ndipo historia hii inapotuhusu, hata kama katika parokia zetu hakuna anayeweza kulipia sindano hiyo. Kwa karne nyingi mikunjo ya uso ilikuwa alama ya umri. Katika mwaka mmoja na kwa tangazo moja inaweza kugeuzwa kuwa kasoro yenye dawa. Na kwa kuwa nguvu ya sindano hudumu kama miezi mitatu au minne tu, anayeanza anapaswa kurudi tena na tena. Mgonjwa anayepona humwacha daktari wake. Lakini umri hauponi, na kwa hiyo mteja wa namna hii haishi kurudi. Mfanyabiashara anajua thamani ya jambo hilo. Mwaka 2020 kampuni ya AbbVie iliinunua Allergan kwa dola zipatazo bilioni 63, na Botox ilikuwa moja ya sababu kuu.

Soko kubwa likishafunguliwa, njia za panya nazo hufunguka. Mwezi Novemba 2004, katika jimbo la Florida, watu wanne, mmojawapo akiwa daktari mwenyewe aliyetoa sindano, walipooza mwili mzima baada ya kuchomwa sumu isiyo na kibali, iliyokusudiwa kwa maabara tu. Kichupa kimoja cha aina hiyo kilikuwa na sumu ya kutosha kuua watu zaidi ya 14,000. Waliwekwa kwenye mashine za kupumulia. Vijana, hao walikuwa na dalili zilezile za wale wa Wildbad na wa Ellezelles: kope zilizoanguka, koo lisilomeza, akili timamu ndani ya mwili usiojibu. Walikuwa wameutafuta kwa fedha ule ugonjwa ambao maskini waliukimbia. Mwaka 2009 idara ya dawa iliagiza hata dawa halali ibebe onyo kali, kwamba sumu inaweza kusambaa kutoka mahali ilipochomwa. Na mwaka 2024, katika majimbo kadhaa ya Marekani, watu zaidi ya 20 waliugua tena baada ya sindano za bandia au zilizotolewa na watu wasiojua kazi.

Je, tuseme basi kwamba kuutengeneza uso ni uovu? Papa Pius wa Kumi na Mbili alizungumzia swali lililo karibu na hilo tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano kabla ya kifo chake, alipowapokea madaktari Waitalia wanaorekebisha maumbile kwa upasuaji. Hakuwalaani. Aliwaeleza kwamba uzuri wa mwili ni jambo jema, lakini si jema lililo juu ya mengine yote. Na kwamba uhalali wa kazi yao hutegemea nia ya mtu, sababu aliyo nayo, na hatari anayojiingiza. Mtu aliyeungua uso, au aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, hatafuti majivuno anapomwendea daktari. Anatafuta nafasi yake kati ya watu. Kipimo hicho cha Papa kinafaa hata kwa sindano ambayo yeye hakuijua.

Sindano ya Vancouver iko mbali, lakini swali lake tunalo nyumbani. Katika masoko yetu zinauzwa krimu za kujichubua ngozi, na baadhi ya krimu za namna hiyo zina zebaki au kemikali nyingine zinazoharibu ngozi na figo. Msichana anayejipaka hajaambiwa historia yake. Ameambiwa tu kwamba uso aliopewa na wazazi wake ni kosa linalohitaji kusahihishwa. Nasi tusimcheke. Aliyemwonea ni yule aliyemfundisha kujichukia kwanza, kisha akamuuzia dawa ya chuki hiyo.

Tena, uso haukuumbwa utazamwe tu. Uso husema. Mtoto mchanga, kabla hajajua neno lolote, husoma paji la mama yake na kujua kama kuna amani. Wazee wetu wakikaa kusuluhisha ugomvi, husemwa kwamba penye wazee haliharibiki neno. Na mikunjo yao ni sehemu ya ushahidi wao, kwamba wameyaona mengi wakavumilia. Misuli inayotukunja paji ndiyo inayoonyesha huruma, mashaka na uchungu. Kerner alikaa kando ya vitanda vya watu waliopoteza lugha hiyo, akaona ni msiba. Jamii inayoilipia kimya hicho, hata kwa sehemu ndogo, inapaswa angalau kujua inanunua nini.

Tangu Wildbad hadi leo sumu haikubadilika. Bakteria ni ileile, nayo haina nia njema wala mbaya. Ilikuwa ajali mikononi mwa mwenye njaa, silaha mikononi mwa jeshi, nuru mikononi mwa Scott, na bidhaa mikononi mwa mwenye kuuza. Kilichobadilika kila mara ni jicho la mwanadamu aliyemtazama mwenzake: kama alimwona adui, mgonjwa, au mteja. Ninyi mnaojiandaa kuwa wauguzi, wafanyabiashara, walimu na wazazi, mtapewa vitu vingi vyenye nguvu kuliko hiki. Kabla hamjauliza vinafanya nini, jiulizeni mnamtazamaje yule mtakayemtumia.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Katika mtaa wetu, ni vitu gani vinauzwa kwa kuwafanya vijana wauone mwili wao kuwa kasoro? Nani anafaidika?

2. Tofauti iko wapi kati ya kujitunza na kujikataa? Toeni mifano miwili ya kila upande.

3. Dawa hii imewasaidia watu wenye magonjwa ya kweli. Tufanye nini ili hofu ya matumizi mabaya isitufanye tuikatae tiba, na ili tamaa ya urembo isiwasahau wagonjwa?